Prof Hakutaka Tonton Saidi Aue Mtu

Nimempigia mtu mzima kelele mbele ya watu mara moja tu maishani mwangu, na mtu huyo alikuwa Prof. Tulikuwa kando ya mto, hapa Kisangani, upande wa Lubunga, jua la saa sita linapiga utosini, naye alishikilia kwamba ni usiku. Alikuwa amefunga kitambaa cha bluu mbele ya kamera ili mchana uonekane usiku. Muigizaji wa polisi alishika tochi ambayo mwanga wake hata yeye mwenyewe hakuuona. Nyuma yake mama mmoja alikuwa anaanika mihogo, na kuku watatu walikuwa wanaifuata ile mihogo kwa bidii.

"Prof," nilisema, "kuku wanakula. Kuku hawali usiku."

"Mtazamaji mwenye akili ataelewa, Mado."

"Ataelewa nini? Kwamba Lubunga kuku hawalali?"

Akanitazama kwa upole, kama alivyokuwa akinitazama darasani nilipokosea kitenzi, kisha akamwomba yule mama atusaidie, afukuze kuku wake. Mama akakataa. Wakabishana muda wa kupika sufuria ya pondu, mboga ya majani ya muhogo. Mwishowe tulipiga picha na kuku wakiwemo, na mpaka leo wamo ndani ya filamu, wanadonoa katikati ya usiku wa manane wa Prof. Hapo ndipo nilipopiga kelele. Nilichosema sitakirudia.

Sitamtaja jina. Alikuwa nalo, lakini hata mke wake alimwita Prof. Mji mzima, kuanzia Makiso hadi Mangobo, ulimjua kama mwalimu wa Kifaransa wa shule ya sekondari aliyetengeneza filamu za polisi siku za Jumamosi na wakati wa likizo. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake, halafu nikawa karani katika ofisi ya komuni, na kwa miaka mingi nilikuwa mshika daftari wake. Kazi yangu ilikuwa kuandika nani kavaa nini katika kipande kipi, na kikombe kilikuwa mkono gani, ili mtu asiingie mlangoni na shati jeupe akatokea ndani na shati jekundu. Ni kazi ya kumkumbusha mtu jambo asilotaka kukumbuka. Fikiria kuifanya kwa Prof.

Alikuwa anafika amechelewa, kisha anatukasirikia kwamba na sisi tumechelewa. Ukimwambia tumekuwepo tangu saa mbili, anajibu, "Kukaa si kuwa tayari." Hadithi yake aliibeba kwenye mfuko wa plastiki wa mkate, na kila asubuhi kurasa zilikuwa zimebadilika. Muigizaji aliyekariri maneno yake usiku kucha alikuta kwamba amekufa tangu ukurasa wa nne.

Na lugha! Prof alikuwa mtoto wa mkoa wa Maniema aliyesoma sana, na Kiswahili chake kilikuwa kama cha kitabu. Muigizaji akisema "ile mutu ya polisi iko anakuya", Prof anapiga makofi, kamera inasimama. "Yule mtu wa polisi anakuja," anamsahihisha; na "batu" kwake lazima iwe "watu", "njo" iwe "ndiyo". Tunarudia. Mara ya sita maskini yule anasema sawasawa, mabega yamekakamaa, uso umekuwa wa mtu anayesoma tangazo la kodi. Wiki mbili baadaye, tukiwa tunatazama vipande, Prof anashika kichwa: "Lakini hawa watu wanasema kama redio! Kisangani yangu iko wapi?" Kisangani yake ilikuwa imesahihishwa na yeye mwenyewe, kwa mkono wake. Nilimwambia hivyo. Akasema nina tabia ya kukumbuka mambo madogo.

Ila hakuwa mtu mdogo, na ni lazima niseme hilo kabla hasira zangu hazijanitangulia. Mpiga kamera wetu, ambaye kazi yake ya kweli ilikuwa harusi, siku moja alimweka ombaomba kipofu pembeni mwa picha ili barabara ionekane ya kweli. Prof akasimamisha kila kitu, akaenda kumsalimu yule kipofu, akamuuliza jina, akamuuliza kama anapenda kuwa kwenye filamu na angependa aseme nini. Yule mzee akasema angependa kuimba. Akaimba. Wimbo ule haukuwa na uhusiano wowote na hadithi, tukapoteza asubuhi nzima. "Mtu si pambo," Prof alituambia. Nilikuwa nimechoka na nina njaa, lakini neno hilo nililiandika kwenye daftari.

Lingine alilopenda kusema ni hili: "Ukitaka kujua mji unamwogopa nani, tazama filamu yake ya polisi. Yule anayekamatwa wa kwanza, ndiye."

Alisema maneno hayo kwa miaka mingi bila kutazama filamu zake mwenyewe.

Maana filamu iliyompa jina, ile iliyojaza ukumbi wa parokia Jumapili tatu mfululizo, ilikuwa na mwizi mwenye ukoma. Mwizi huyo aliingia nyumba za watu, akashika chakula chao, akagusa watoto wao waliolala, na ukumbi mzima ulipiga mayowe. Aliyecheza alikuwa mzima kama mimi, kijana wa Tshopo mwenye vidole kumi. Mikono ya ukoma ilitengenezwa kwa nta na unga wa muhogo. Aliyeipika nta hiyo ni mimi. Niliipika jikoni kwa mama yangu, nikaikoroga hadi ikapata rangi, na watu walipopiga mayowe, nilifurahi. Nilidhani ni sifa.

Wiki iliyofuata, mwanamke mmoja alikuja shuleni. Alikuwa wa makamo, kitenge safi, kitambaa kichwani kimefungwa vizuri. Alivuka mto kutoka Lubunga kwa pirogi, mtumbwi wa kasia, akapanda toleka, akakaa nyuma ya baiskeli hiyo mpaka mlangoni mwa darasa la Prof. Mimi nilikuwa pale nimepeleka daftari. Hakukaa alipokaribishwa. Aliweka mikono yake miwili juu ya meza ya mwalimu, kati ya chaki na madaftari ya wanafunzi. Vidole vilikuwa vimebaki vinne, na hivyo navyo si vizima.

"Mimi naitwa Mama Eyenga," alisema. "Nauzishaka sabuni kwenye soko ya Lubunga. Nilipona zamani, docteur alinipa karatasi. Batu bote banajua. Miaka kumi na mbili bananunua kwangu. Sasa Prof, tangu film yako, mama moja alinirudishia sabuni. Alisema, 'Ile mikono niliona inafanya nini.'"

Prof alisimama.

"Ile mikono ya film, nani aliitengeneza?"

Nilikuwa hatua mbili kutoka kwake. Nilitazama chini.

"Mimi," Prof akasema.

"Weye?"

"Mimi, mama."

"Basi unanirudishia batu yangu namna gani?"

Prof alimsindikiza mpaka mtoni kwa miguu. Mimi nilibaki na mikono yangu mizima. Miezi mingi ilipita kabla sijamwambia Mama Eyenga ukweli, tukiwa wawili ndani ya pirogi, tukivuka. Alicheka mpaka mpiga kasia akageuka. "Nilijua zamani," alisema. "Ule Prof hana mikono ya kupika kitu." Kabla hatujafika ng'ambo akasema, "Lakini weye ulipika muzuri. Njo maana iliniuma."

Tangu siku ile ya mikono mezani, Prof alibadilika, na hapo ndipo shida yetu kubwa ilipoanza. Mtu anapotubu anakuwa msumbufu kuliko alipokuwa mkosefu.

Alisema atatengeneza filamu mpya, ya polisi vilevile, lakini safari hii waliotupwa pembeni watacheza wenyewe. Hakuna nta. Alimwendea Mama Eyenga mara nne mpaka akakubali. Alimpata Cécile, albino, mwanafunzi wa sheria chuo kikuu, msichana ambaye barabarani wengine walimwita majina na wengine walitema mate wakipishana naye. Na akampata Saidi, aliyeitwa Tonton, mjomba, na mtaa mzima, fundi wa redio na simu, wa ukoo wa zamani wa Kiislamu hapa mjini. Polio ilimchukua miguu akiwa mdogo, akatembea kwa baiskeli ya magurudumu matatu anayoizungusha kwa mikono. Mabega yake yalikuwa kama ya mvuvi wa Wagenia, kule kwenye maporomoko ya mto, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mabega.

Hadithi ilikuwa hivi: mfanyabiashara wa almasi anakutwa amekufa dukani kwake. Inspekta anawakamata watu watatu waliozoea kukaa mlangoni pake: muuza sabuni, fundi wa redio na msichana albino. Wote watatu hawana hatia. Muuaji ni mshirika wa marehemu, bwana mwenye suti.

Wazo lilikuwa zuri, na mimi nililipenda. Kisha tulianza kusoma kurasa.

Katika kurasa hizo Mama Eyenga alilia mara saba. Nilihesabu, ni kazi yangu. Cécile alisali. Tonton Saidi alimsamehe polisi aliyempiga, akamsamehe jirani aliyemsingizia, akawa anaelekea kumsamehe muuaji pia ukurasa ulipoisha. Walikuwa wazuri, wapole, wanyenyekevu. Hakuna aliyekula, aliyetania, wala aliyemtamani mtu. Walikuwa wanangoja tu kuonewa.

Tulisoma uani kwa Prof, Mangobo, sahani za lituma, ndizi zilizopondwa, zimewekwa katikati. Tulipomaliza, Prof alikuwa na machozi. Alitutazama mmoja mmoja.

Tonton Saidi alimega lituma, akatafuna bila haraka.

"Prof, miye naomba kitu moja."

"Sema, Tonton."

"Naomba niuwe ule mutu."

"Umuue nani?"

"Ule mucommerçant ya almasi. Miye njo niwe muuaji."

Prof alicheka. Akaona hakuna anayecheka.

"Tonton, hujaelewa. Filamu nzima ni kuonyesha kwamba nyinyi si wabaya."

"Sisi nani?"

"Nyinyi… watu ambao jamii…"

"Miye iko Saidi," alisema Tonton. "Niko mubaya kiasi. Uliza bibi yangu."

Cécile naye akapata moyo. Alisema yeye hataki kusali, anataka gauni jekundu na mwanaume mzuri wa kumkataa. Mama Eyenga alisema kulia mara saba ni kazi ya matanga, na matanga anayo ya kutosha bila filamu. Prof alisimama. Alisema maneno mengi kuhusu dhamana ya msanii, kuhusu mji, kuhusu kosa lake la zamani, mpaka lituma likapoa. Alisema hatarudia kumfanya mtu mwenye kilema kuwa mwovu, hata aombwe kwa magoti.

"Bon," alisema Tonton Saidi. "Kwa magoti, miye hata hivyo sitaweza."

Alizungusha baiskeli yake, akatoka. Mama Eyenga alimfuata, na Cécile nyuma yao. Sahani zilibaki. Prof aliniambia, "Watarudi." Mimi nilikuwa naosha mikono.

Hawakurudi. Wiki tatu Prof alipiga picha za barabara tupu na kusema ni sehemu ya hadithi. Alimwita yule kijana wa Tshopo, wa vidole kumi, akamwambia akae kwenye baiskeli ya kuazima. Kijana alikaa, miguu yake mirefu imekunjwa kama panzi, na kila aliposahau aliteremka kuifuata kamera. Nilifunga daftari.

"Prof," nilimwambia, "twende kwa Tonton Saidi."

"Yeye ndiye aliyeondoka."

"Wewe ni mwalimu. Mwanafunzi akitoka darasani, wewe hufuati?"

"Sikuwahi kumfuata mwanafunzi hata mmoja."

"Najua. Nilitoka mara mbili."

Hilo lilimkaa moyoni. Kesho yake tulienda.

Duka la Tonton Saidi lilikuwa kibanda cha mbao, redio zilizofunguliwa matumbo kila upande. Hakutukaribisha wala hakutufukuza. Prof alisimama nje kwenye tope, kofia mkononi. Aliuliza swali ambalo, nadhani, hakuwahi kumuuliza mtu yeyote kwa nia ya kusikia jibu.

"Kwa nini unataka kuua?"

Tonton aliweka chini bisibisi.

"Sababu nitafanya muzuri kuliko ule mwenye suti," alisema. "Sikia, Prof. Tangu nimezaliwa, polisi hata moja haijanipekua. Barrière yote ya barabara napitaka. Banasema, 'Pita, papa, pole.' Bengine banasukuma baiskeli yangu. Siku moja soda moja, askari ya bunduki, alinisukuma mpaka beach ya mutoni, jasho inamutoka, na chini ya kiti nilikuwa na kartoni mbili za simu zisizo na karatasi. Alinipa hata maji. Batu bananiona huruma, Prof, na huruma haina macho. Kama nilikuwa na moyo mubaya kabisa, Kisangani hii ningemaliza."

Nilimwona Prof akipapasa mfuko wake wa plastiki.

"Chini ya kiti," alisema polepole. "Almasi iko chini ya kiti."

"Njo vile."

"Na inspekta mwenyewe ndiye anayemsukuma."

"Njo vile, Prof! Ulisoma, kumbe."

Tulikaa pale mpaka jioni. Hadithi nzima iligeuka. Tonton Saidi akawa mshirika wa marehemu, tajiri, mwenye suti na baiskeli iliyong'arishwa, aliyeua kwa tamaa na wivu kama tajiri yeyote. Hakuna anayemshuku kwa sababu kila mtu anamwonea huruma. Anayemkamata si inspekta. Ni muuza sabuni, ambaye inspekta hakutaka hata kumsikiliza. Nilidhani sasa mambo yatakuwa rahisi. Nilikuwa bado sijamjua Prof vya kutosha.

Kwanza, aliandika ukurasa mzima ambapo muuaji anaeleza utoto wake mchungu. Tonton aliuchana. Prof akauandika tena. Tonton akaufungia karanga. Kisha Prof alitaka muuaji atubu mwishoni. "Ule mwenye suti wa kwanza," Tonton aliuliza, "alitubu?" Hakutubu. Basi.

Na siku ya kipande kikubwa, muuza sabuni anapomkabili muuaji kwenye ngazi za kuteremkia mtoni, Prof alimpa Mama Eyenga hotuba ya ukurasa mmoja na nusu kuhusu haki. Mama Eyenga aliikariri, maskini. Kamera ikaanza. Tonton Saidi alikuwa mbele yake, suti nyeusi, mikono juu ya magurudumu, anatabasamu kwa namna ambayo hata mimi niliyemjua nilirudi nyuma. Mama Eyenga alimtazama. Hotuba ilimtoka kichwani, au aliitupa, sijui. Alisema tu:

"Bengine bote banaangaliaka miguu yako. Mimi naangaliaka mikono."

Tabasamu la Tonton lilizimika. Hakuna aliyemwagiza. Alishusha macho kwenye mikono yake mwenyewe, kisha akaiondoa kwenye magurudumu, polepole, akaificha mapajani. Mpiga kamera wa harusi, Mungu ambariki, aliendelea kushika kamera.

Na Prof akapiga makofi.

"'Wengine wote wanaangalia'," alisema. "Mama, 'wanaangalia'. Turudie."

Nilifungua mdomo nimpigie kelele mara ya pili. Lakini safari hii Mama Eyenga alinitangulia. Alimgeukia Prof, mkono umeinuliwa.

"Nani anasemaka vile Lubunga? Nani? Nionyeshe huyo mutu! Weye ulikuya kutafuta batu ya kweli, na kila siku unabapika tena! Wacha ile maneno! Wacha vile ilitoka!"

Prof alimtazama, akatutazama sisi. Kofia yake ilikuwa imeanguka. Aliiokota, akaipangusa.

"Iache," alimwambia mpiga kamera.

Kipande hicho hakikurudiwa. Ndicho kipande pekee katika filamu zake zote alichokiacha kama kilivyotoka.

Filamu ilipoonyeshwa, ukumbi wa parokia ulijaa. Almasi ilipopita kizuizini chini ya kiti, huku inspekta akisukuma na kutoa pole, watu walisimama juu ya mabenchi wakimpigia inspekta kelele: "Angalia chini! Chini, we bwege!" Walimtukana Tonton Saidi matusi ambayo padri alijifanya hayasikii. Filamu ilipoisha, Tonton alitoka kwenye baiskeli yake na umati ukampisha. Mwanaume mmoja wa jirani, ambaye kila siku alizoea kumpapasa kichwani akipita kama mtu anavyompapasa mbuzi, alirudisha mkono nyuma. "Pardon, Tonton," alisema. Tonton Saidi alicheka njia nzima mpaka nyumbani.

Si kila mtu alicheka. Mkuu wa chama kimoja cha walemavu alikuja kwa Prof asubuhi yake, amefura. Alisema wamepigana miaka mingi watu wawaheshimu, na sasa watapekuliwa kila kizuizi. Alisema kweli, na ilitokea: wiki mbili baadaye askari alimwamuru Tonton ashuke kwenye kiti, akae chini kwenye vumbi mbele ya watu wakati wanapekua. Nilipomuuliza, alisema, "Balinipekua kama mutu mwengine." Lakini alisema bila kucheka, na kwa siku kadhaa hakufungua kibanda. Prof alikwenda kukaa naye kila jioni. Sijui walizungumza nini. Najua tu kwamba Prof alibeba redio isiyo mbovu ifunguliwe na kutengenezwa upya, apate sababu ya kukaa.

Cécile, ndani ya filamu, alimkataa inspekta akiwa amevaa gauni jekundu, na wasichana wa mji walishona magauni kama lile. Leo ni wakili. Mama Eyenga aliitwa Inspecteur soko zima. Wateja walirudi, si wote. Mmoja alimwambia aweke sabuni mezani, ataichukua mwenyewe. "Chukua ama uende na uchafu wako," alijibiwa.

Baada ya filamu hiyo Prof hakutengeneza nyingine iliyokamilika. Alianza tano. Nilishika daftari katika tatu, halafu nikaolewa, nikapata watoto, nikachoka. Tukikutana barabarani alinisimulia hadithi mpya akiwa amenishika mkono ili nisiondoke.

Mara ya mwisho kukaa naye ilikuwa mwaka jana, kwenye matanga ya Mama Eyenga.

Nilivuka asubuhi. Prof alikuwa amefika kabla yangu, jambo ambalo peke yake lilinitia hofu. Alikuwa amezeeka, fimbo kati ya magoti, amekaa mkekani karibu na binti wa marehemu, Mireille, na mbele yao palikuwa na picha tatu zilizochapwa. Familia haikuwa na picha ya kuweka juu ya jeneza. Mama Eyenga alikuwa amepigwa picha moja tu maishani kabla ya filamu, ile ya karatasi ya daktari, na hiyo hawakutaka. Mireille alikuwa amemwomba Prof atoe picha kwenye filamu.

Na Prof, mtu wa watu, alikuwa anabishana na mfiwa.

Picha ya kwanza ilikuwa uso peke yake, mzuri, mtulivu. Wajomba waliitaka hiyo. Prof alisema haiwezekani, mikono haionekani, watu watasema tumeficha. Picha ya pili ilionyesha mikono, imetulia juu ya ndoo ya sabuni. Hiyo ndiyo aliyoitaka Prof, akaanza kueleza maana yake. Mjomba mmoja alisema maana yake ni aibu. Sauti zilipanda. Akina mama waliokuwa wakimenya ndizi waliacha kumenya.

"Prof," nilisema, "hapa si shuleni."

"Mado, kama hatuonyeshi mikono, basi kazi yote ile…"

"Yule si kazi yako. Ni mama wa Mireille."

Mireille alikuwa ameshika picha ya tatu. Prof alikuwa ameichapa kwa bahati mbaya, alisema, haimo hata ndani ya filamu. Ni kile kipande cha ngazini, baada ya makofi, kamera ikiwa bado haijazimwa: Mama Eyenga amemgeukia mtu asiyeonekana, mdomo wazi, kitambaa cha kichwa kimekaa upande, mkono wa vidole viwili umenyooshwa mbele kabisa.

Mireille aliitazama muda mrefu. Kisha alianza kucheka na kulia pamoja.

"Huyu," alisema. "Huyu njo mama. Vile alikuwa ananigombeza mimi. Hata mukono ilikuwa vilevile."

Aliwapitishia wajomba. Yule aliyesema aibu aliishika, akatikisa kichwa, akasema, "Na mimi alinigombezaka vile." Akampa wa pili, na wa pili akamcheka wa kwanza, na akina mama wakainuka kuja kuona. Mireille mwenyewe aliipeleka ndani, akaiegemeza juu ya jeneza, kwenye maua.

Prof alisimama kwa shida, akaegemea bega langu, tukasogea mpaka mlangoni. Mama Eyenga alitunyooshea mkono kutoka pale juu, amekasirika kabisa. Prof aliitazama. Machozi yalimshuka hadi kwenye ndevu, na hakuyapangusa.

"Lakini mwanga ni mbaya, Mado," aliniambia kwa sauti ya chini. "Uso uko gizani. Ningeweza kuomba turudie."

"Kaa chini, Prof," nilimwambia.

Akakaa.